Mtoto wa Miaka Mitatu Asipandishwe Boti Kurudi Unguja



Leo tunazungumza na mashoga zetu walioolewa bara, na wewe pia biharusi mtarajiwa ambaye posa yako imetoka mbali kuliko mama yako alivyotegemea. Sisi tunaoandika haya tumeolewa mkoani Simiyu. Wengine tuko Bariadi mjini, wengine Nkololo, kwenye pamba na vumbi la kiangazi. Tunauza khanga, udi na viungo, tunashona, na wawili wetu wanasomesha. Tulipofika tulililia mengi: samaki wa ziwani badala ya changu, ugali mchana na usiku, majirani kuamkiana "mwangaluka" na sisi kubaki tunacheka tu. Hayo tumeyazoea. Tusilolizoea ni ile simu inayoanza mtoto akitimiza miaka mitatu: "Mwanangu, mjukuu wangu unamleta lini?"

Hoja yake tunaijua kwa moyo. Huko mliko hakuna chuo mlangoni. Watoto wenziwe wanasema Kisukuma. Skuli atakaa na nani, atakula nini? Mlete kwa bibi yake asome maandalizi asubuhi na chuo mchana, akikua utamchukua. Maneno haya yanatoka kwenye mapenzi, na huyo bibi ndiye aliyetulea sisi, kwa hiyo hatuna ujasiri wa kumjibu. Tunapanda basi Bariadi, tunafika Dar es Salaam tumevimba miguu, tunapanda boti, tunamwacha mtoto, tunarudi na mkoba mtupu.

Tumeshuhudia hayo zaidi ya mara moja miongoni mwetu, na sasa tunasema wazi: hatukubaliani nayo.

Mmoja wetu alimpeleka binti yake akiwa na miaka mitatu na nusu. Alipokwenda kumchukua baada ya miaka miwili, mtoto alikuwa anasoma sura fupi za Juzuu Amma kwa sauti ya kumtoa mtu machozi, maashaAllah. Lakini mama alipomwita, mtoto alijificha nyuma ya gauni la bibi akasema, "Bibi, yule mgeni ananiita." Mwenzetu alicheka mbele ya watu, kisha akaenda chooni kulia. Aliporudi naye Nkololo ukaanza mtihani wa pili. Mdogo wake alikuwa anacheza na majirani kwa Kisukuma, yeye akawa anasimama kizingitini. Alikuwa mgeni kwa mama yake, na sasa akawa mgeni uani kwake.

Sote tunaisoma Suratul Baqara. Katika aya ya 233 Mwenyezi Mungu ametaja kunyonyesha miaka miwili kamili, na hata kumwachisha mtoto ziwa kumefungwa na kuridhiana na kushauriana kwa mama na baba. Ikiwa kumwachisha maziwa tu kunataka mashauriano, vipi kumwachisha mama mzima kwa simu ya dakika tano, baba akiambiwa baada ya tiketi kukatwa? (Ndiyo, limetokea. Na mume aliudhika, na alikuwa na haki.)

Basi tumpeleke wapi? Hapa wengi wetu tulikuwa hatujui. Kwetu visiwani maandalizi ni miaka miwili, na tangu Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ni sehemu ya elimu ya lazima. Bara mambo ni mengine kidogo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, katika toleo lake la 2023, inataka mwaka mmoja wa elimu ya awali, mtoto akiwa na miaka mitano, na darasa la kwanza akiwa na sita. Darasa la awali liko ndani ya shule ya msingi ya Serikali na halina ada. Michango ya uji ni ya makubaliano ya wazazi. Mwaka wa masomo unaanza Januari. Januari huku ndiyo palizi ya pamba, mama wote wako shambani, na mwenye duka anakuwa anafikiria msimu. Usisubiri. Nenda shuleni tangu miezi ya mwisho ya mwaka ukiwa na cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki.

Tusidanganyane kuhusu hali ya darasa lenyewe. Kiwango cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na vijijini idadi huzidi mno. Lakini lile jambo tulilokuwa tunaliogopa zaidi, lugha, limegeuka. Watoto wengi wa Simiyu wanakutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza darasani. Ndiyo maana mpango wa EQUIP-Tanzania, uliomalizika mwaka 2020, uliweka katika mikoa kadhaa, Simiyu ikiwemo, masomo mafupi ya utayari wa kuanza shule: kijana wa kijijini hapo hapo anakaa na watoto, hadithi na michezo, mpaka wakizoee Kiswahili. Mtoto wako anaingia akiwa nacho tayari. Mwalimu anamtegemea, wenziwe wanamfuata, na yeye anarudi nyumbani na Kisukuma mdomoni. Wa kwetu mmoja sasa ndiye mkalimani wa mama yake gulioni, na bei anazitoa nzuri kuliko sisi.

Huyo ni wa miaka mitano. Wa mitatu na minne ndiye mwenye shida, maana Serikali haijamwekea darasa. Bariadi mjini kuna vituo vya kulelea watoto mchana, na hapo fungua macho yako yote mawili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu kituo kuendeshwa bila kusajiliwa, na maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndio wa kuwauliza. Mmoja wetu hakuuliza. Aliona geti limepakwa rangi na picha za wanyama, akalipa. Siku aliyopita bila taarifa alikuta watoto wamepangwa chini mbele ya televisheni, msichana mmoja anawaangalia wote, na mwanawe amelowa tangu asubuhi. Tangu hapo sisi hatutazami geti. Tunatazama choo, tunatazama maji ya kunywa, tunauliza nyama inatoka bucha gani, na tunamuuliza anayebaki na watoto wakilala ni nani. Tunakwenda saa ambayo hatukuitwa. Usiporidhika, mtoto wa miaka mitatu hadaiwi na mtu. Abaki nawe dukani.

Na dini? Darasa la awali huisha mapema, kwa hiyo mchana mzima ni wetu. Shuleni vipindi vya dini vimo kwenye ratiba, ila ustadhi hashuki kutoka mbinguni. Muulize mwalimu mkuu kipindi ni siku gani, kisha wazazi mtafute wa kukisomesha. Na chuo kikikosekana kianze barazani kwa mmoja wenu. Tunalisema hili tukiwa na mfano. Zile skuli za maandalizi za madrasa tulizosoma baadhi yetu hazikuanzia kwenye majumba makubwa. Zilianza Mombasa katika miaka ya 1980 kwa juhudi za Bi Swafiya Said, na ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1986 kwa msaada wa Aga Khan Foundation; Zanzibar zikafika mwaka 1990. Walimu walikuwa wanawake wa mtaani waliofunzwa kazi. Vifaa vilikuwa vifuu, mbegu na vitambaa. Dini na mchezo vilikaa mkeka mmoja. Nkololo mikeka ipo.

Kwako biharusi: kikao cha mahari kinachukua wiki, tunahesabu mpaka vikombe, na hakuna anayeuliza watoto watalelewa wapi. Uliza wewe, kabla ya nikah. Jibu lake litakueleza mengi kuhusu huyo bwana.

Hatusemi kila mama aliyempeleka mtoto kwa bibi amekosea. Yuko aliyekuwa mgonjwa, yuko aliyeachwa na mimba changa. Tunamsema yule ambaye mtoto wake ana baba, ana mama, ana kitanda, na anapelekwa kwa sababu tu ya wasiwasi.

Kwa upande wetu tumejaribu kuigeuza safari. Mwaka jana mama wa mmoja wetu alikubali, baada ya kununa mwezi mzima, kuja yeye Nkololo. Alikuja na halua, udi na juzuu kumi, akasema anakaa wiki mbili. Alikaa miezi mitatu. Kila mchana watoto walijaa barazani kwake, wa Kiislamu kwa juzuu na wengine kwa halua, na alijifunza kuitikia "mwadila" kwa sauti ya Kimakunduchi. Siku ya kuondoka alikwenda mwenyewe shuleni, na mtandio wake wa safari, akamuuliza mwalimu wa awali mchango wa uji wa mjukuu wake umebaki kiasi gani.