Sindano za 'kurudisha kumbukumbu': Tangazo limefika Kasokola, ushahidi bado

Mkazi wa Kasokola, Manispaa ya Mpanda, akiwa na simu janja na bando, anaona matangazo yale yale anayoyaona mtu wa Marekani. Mojawapo ni la peptaidi, dawa zinazodaiwa kuamsha kumbukumbu na kuchelewesha uzee.

Peptaidi ni nini?

Ni mnyororo mfupi wa asidi amino, vitu vinavyojenga protini. Wala si ngeni hospitalini. Insulini ya wagonjwa wa kisukari ni peptaidi. Oksitosini, sindano anayochomwa mama akishajifungua ili asivuje damu nyingi, nayo ni peptaidi. Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabara mwaka 1953, akapata Nobel mwaka 1955.

Kwa hiyo shida siyo peptaidi zenyewe. Shida ni ushahidi.

Zinazouzwa mtandaoni

Semax, Selank na Epitalon zote zilianzia Urusi. Semax inatumika huko kwa wagonjwa wa kiharusi. Lakini tafiti nyingi za dawa hizi ni za wanyama, seli au watu wachache. Hakuna jaribio kubwa la binadamu lililoonyesha kuwa zinazuia ugonjwa wa kusahau. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliziweka kwenye orodha ya dawa zenye mashaka ya usalama.

Chupa nyingi zimeandikwa "kwa utafiti tu". Maana yake muuzaji ameshajitoa. Ukidhurika, ni juu yako. Kwa Tanzania, dawa lazima isajiliwe na TMDA kabla ya kuuzwa.

Kwa nini tangazo linauzika?

Kwa sababu tatizo lipo. Utafiti uliofanyika Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta karibu watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa huo.

Mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa inajua gharama nyingine. Mzee akianza kusahau au kuongea peke yake, wapo wanaomwita mchawi. Wengine wameuawa kwa tuhuma hizo. Familia yenye hofu hiyo inaweza kuuza hata mahindi ili inunue chupa isiyo na uhakika.

Kinachojulikana

Ripoti ya jopo la jarida la Lancet ya mwaka 2024 inasema karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa huu duniani vinahusishwa na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yakiwemo presha, kisukari, sigara, upweke na usikivu hafifu.

Presha na sukari hupimwa kwenye vituo vya afya, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka wazee wasio na uwezo watibiwe bure. Mzee anayesahau apelekwe kupimwa mapema. Akipata jina la ugonjwa wake, hata majirani wanakosa sababu ya kumwita mchawi.