Hamisha vyombo kabla ya kusogeza ukuta

Mwaka jana mimi na mwenzangu tulirekodi hadithi za Kibangubangu kwa bibi mmoja wa Kabambare. Tulipata saa sita za sauti. Tuliporudi Kasongo, kompyuta ilikuwa haina tena nafasi ya programu, ilhali kizigeu cha sauti kilibaki na nafasi tele. Tukamwomba fundi akipunguze. Alikikata, akaunda kizigeu kipya mahali palipoachwa na kuanza kukitumia. Jioni hiyo sehemu kubwa ya sauti zetu haikufunguka. Nakala nyingine hatukuwa nayo, na bibi yule amekwisha kufariki.

Wengi walimlaumu fundi. Mimi najilaumu mwenyewe, na nakilaumu kidogo kitivo chetu, kwa sababu kosa lile lilianzia kwenye lugha. Tulisema "punguza diski" kana kwamba ni tendo moja. Ni matendo mawili. Kizigeu ni mpaka uliowekwa kwenye diski. Mfumo wa faili ni utaratibu wa kupanga vitu ndani ya mpaka huo. Anayepunguza chumba huhamisha vyombo kwanza, ndipo asogeze ukuta. Anayepanua husogeza ukuta kwanza, kisha akatandaza vyombo.

Amri za Linux hufuata mantiki hiyohiyo. Kwa mfumo wa ext4, ukitaka kupunguza, unaacha kwanza kutumia kizigeu, unakikagua kwa e2fsck, unapunguza mfumo wa faili kwa resize2fs, na mwisho unasogeza mpaka kwa parted. Ukitaka kupanua, unaanza na parted, kisha resize2fs. Mfumo wa XFS kwa kawaida hupanuliwa tu. Usiuchague ukitarajia kuupunguza baadaye. Na mpaka ukikatwa kimakosa, usiandike chochote juu yake: ukirudishwa pale ulipokuwa, mara nyingi data hupatikana. Sisi hatukujua hata hilo.

Kuna pia mtego ambao mwanaisimu angepaswa kuuona kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwa resize2fs, 80G huhesabiwa kwa 1024. Kwa parted, 80GB huhesabiwa kwa 1000. Ni karibu herufi zilezile, maana mbili. Tofauti yake ni karibu baiti bilioni 6, yaani zaidi ya saa tano za sauti ya stereo ya biti 24 na kilohezi 48. Tena, namba unayoipa amri ya resizepart ndani ya parted ni mahali kizigeu kinapoishia, si ukubwa wake. Anayeisoma kama ukubwa, huku kizigeu kikianzia katikati ya diski, atakata alichodhani anakihifadhi.

Mwalimu mmoja aliniambia kwamba hayo ni mambo ya mafundi. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Sisi si madaktari wa koo, na bado tunajifunza namna ulimi na kaakaa vinavyotoa sauti, kwa kuwa bila hayo hatuwezi kuandika tunachokisikia. Diski nayo ni chombo cha kazi yetu. Katika orodha ya Guthrie, Kizimba ni D26 na Kibangubangu ni D27. Mwanafunzi anayekaa maktabani huona herufi na namba tu. Anayetoka Kasongo kwenda Kabambare kwa pikipiki hukuta wazee wanaozisema lugha hizo, na huenda asiwakute mara ya pili.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kabla ya kwenda kurekodi, kila mwanafunzi afanye zoezi la alasiri moja: apunguze na kupanua kizigeu kwenye diski ya majaribio isiyo na kitu cha thamani. Pili, asiguse mpaka wowote kabla ya kuweka nakala kwenye diski nyingine, na kuifungua ili ahakikishe inasikika. Tatu, sisi wa lugha tuandae orodha fupi ya istilahi za Kiswahili, ili kizigeu na mfumo wa faili visiitwe tena kwa jina moja la "diski".

Kazi hiyo ya tatu hakuna fundi atakayetufanyia. Ni yetu, na kama tungekuwa tumeifanya mwaka jana, tungemwambia fundi yule kwa usahihi tulichotaka afanye.