Vumbi Lisiloonekana Ndilo la Kuogopwa

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo ina ukweli wake, lakini ndani ya karakana ya seremala imewaponza wengi, nami nikiwa mmoja wao. Kwa muda mrefu niliyategemea macho yangu kunijulisha iwapo hewa niliyoivuta ilikuwa safi, na macho yakanisaliti.

Kazi inayonipa riziki ni kufundisha isimu katika chuo kikuu. Hata hivyo, kila Jumamosi huyaweka kando madaftari ya wanafunzi na kuingia katika kibanda cha mabati kilicho nyuma ya nyumba yangu, ambamo huunda vigoda, rafu za vitabu na meza ndogo za watoto. Baada ya kujipatia msumeno wa meza, nilikwenda mjini kutafuta mashine ya kufyonza vumbi. Muuzaji alinionyesha moja yenye mota ya kutisha na mfuko mkubwa mithili ya gunia, akaniapia kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa mwisho wa maneno. Nilimlipa. Sakafu ya kibanda ikawa safi hata majirani wakanisifu.

Jioni moja, saa nzima baada ya kuzima kila kitu, jua lilipenya katika tundu la msumari kwenye paa. Ndani ya mwale ule mwembamba nililiona vumbi likielea kama moshi wa ubani. Binti yangu, ambaye alizoea kuketi humo akinisomea insha zake huku nikipiga msasa, alikuwa na kikohozi cha wiki tatu. Daktari aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamjibu upesi kwamba mimi ni mwalimu. "Na nyumbani unafanya nini?" akaniuliza tena. Sitadai kwamba vumbi peke yake ndilo lililomwuguza mtoto, lakini swali lile lilinifanya nisome mambo ambayo nilistahili kuyasoma kabla ya kutoa pesa.

Ajabu ni kwamba lugha yetu ilikuwa imeyatenganisha mambo haya zamani. Randa humwaga maranda, msumeno hutoa unga wa mbao, nao msasa hurusha vumbi. Hayo ni majina matatu ya vitu vitatu vyenye tabia mbalimbali. Kosa langu lilikuwa kuviita vyote takataka, kisha nikanunua mashine ya kuondoa takataka. Maranda huanguka miguuni, na ufagio huyatosha. Unga hutua karibu na meza. Vumbi lenyewe hupaa, likakaa hewani kwa saa nyingi na kungoja pua ya mtu.

Vipimo vyake vinafahamika. Mikroni moja ni sehemu moja katika 1,000 za milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe zilizo chini ya mikroni 10 hupita puani na kooni zikaingia kifuani, na zile zilizo chini ya mikroni 4 hufika hadi katika vifuko vya mapafu ambamo damu huchukua hewa. Jicho halina habari nazo mpaka jua lipite katika tundu la msumari.

Madhara yake si ya kubuni. Katika miaka ya 1960 madaktari nchini Uingereza waligundua kwamba saratani ya pua, ambayo ni adimu kwa watu wengine, iliwapata mafundi wa samani katika eneo la High Wycombe kwa wingi usio wa kawaida. Mnamo 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule, mti tunaouenzi kwa milango na fanicha, linajulikana kwa kuwasha ngozi na kuchochea pumu. Fauka ya hayo, mbao za kiwandani ziitwazo MDF hushikanishwa kwa gundi yenye fomaldehaidi, ambayo nayo imo katika kundi hilo hilo la kwanza.

Basi mtu mwenye kibanda kidogo anunue mashine gani? Madukani utakuta aina mbili, na wauzaji huziita kwa jina moja. Aina ya kwanza ni ile niliyouziwa mimi: feni kubwa, mfuko, na bomba lenye upana wa milimita 100. Hiyo huvuta hewa nyingi kwa nguvu ndogo. Aina ya pili ni pipa dogo lenye magurudumu na mpira mwembamba wa milimita 27 hadi 36 hivi, na huvuta hewa kidogo kwa nguvu nyingi.

Tofauti hiyo yaweza kupigiwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaimudu. Ili hewa ichukue vumbi bila kuliangusha njiani, inafaa iende kwa kasi ya mita 20 hivi kwa sekunde. Katika bomba la milimita 100, kasi hiyo inahitaji zaidi ya mita 9 za ujazo za hewa kwa dakika. Katika mpira wa milimita 36, mita 1.2 zatosha. Kwa hiyo, ukiuchomeka mpira mwembamba kwenye mashine ya randa utaziba kwa maranda mara moja, na ukiunganisha feni kubwa na kifaa kidogo cha kupigia msasa, hewa itakwama mlangoni. Mwenye randa ya umeme na kerezo anahitaji aina ya kwanza. Mwenye msumeno wa mkono na mashine ya msasa atafaidika zaidi na ya pili.

Hata hivyo, hilo ni nusu ya jambo. Nusu ya pili, ambayo muuzaji wangu hakuitaja kamwe, ni kichujio. Mifuko mingi ya kitambaa inayouzwa pamoja na mashine za feni hunasa chembe za mikroni 30 na kuendelea. Zilizo ndogo zaidi hupenya na kurudi chumbani. Mashine yangu ilikuwa ikikusanya maranda ambayo hayangenidhuru, kisha ikilipepeta lile vumbi la hatari na kunirushia usoni. Tiba yake ilikuwa kuuondoa mfuko na kuweka kichujio cha karatasi iliyokunjwa, kinachonasa chembe za mikroni moja.

Kwa mashine za pipa, Ulaya imeweka madaraja matatu. Daraja la L huruhusu chini ya asilimia 1 ya vumbi kupita, daraja la M chini ya asilimia 0.1, na daraja la H chini ya asilimia 0.005. Daraja la M aidha hutoa ishara hewa inapopungua kasi, ili fundi ajue kwamba kichujio kimeziba. Kampuni ya Bosch huuza GAS 35 L na GAS 35 M, nayo Festool ina CTL na CTM. Wanafunzi wangu wa fonolojia wanajua jinsi sauti moja inavyotenganisha "pata" na "bata". Hapa nako herufi moja yatenganisha kifua na kikohozi. Kwa kazi ya mbao, M ndiyo ya kutafutwa.

Kuna mengine mawili ya kuzingatia. La kwanza ni umeme. Mashine iliyoundwa kwa volti 120 za Marekani itaungua kwenye volti 240 zetu. Aidha, plagi yetu ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,100. Msumeno wa wati 1,500 ukichomekwa kwenye soketi ya kifyonzaji cha wati 1,200, jumla ni 2,700, na nafasi inayobaki ni finyu. La pili ni pipa la kuzungushia hewa, linalowekwa kati ya msumeno na kifyonzaji. Hewa huzunguka ndani yake kama kimbunga, maranda na unga yakaangukia chini, na kichujio kikadumu. Usidhani, hata hivyo, kwamba pipa hilo huchukua nafasi ya kichujio, kwa maana chembe ndogo kabisa hulipita.

Najua kuna msomaji atakayeniuliza: fundi wa Gikomba atazipata wapi pesa za mashine hizo? Swali lake ni la haki. Jibu langu ni kwamba kazi ya msasa na ifanyiwe nje penye upepo, sakafu imwagiwe maji kabla ya kufagiwa, na barakoa ya daraja la N95 au FFP2 ivaliwe badala ya leso, kwa kuwa leso hupitisha vumbi jembamba. Haya hayamfilisi mtu.

Lakini walimu wenzangu hatuna udhuru. Ufundi wa mbao unatahiniwa katika KCSE, na vijana wetu hupiga msasa katika vyumba vilivyofungwa. Tunawafundisha kuchunga vidole dhidi ya msumeno, na tunafanya vyema, maana kidole kilichokatika kila mtu hukiona. Somo la vumbi nalo lipewe saa yake, pamoja na ile hesabu ya bomba.

Nao wauzaji ninawaomba jambo moja. Kipimo cha kichujio na daraja la mashine viandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, pale pale penye bei. Mnunuzi akisoma "hunasa mikroni 30" karibu na "hunasa mikroni 1", atauliza maana yake kabla ya kufungua pochi. Mimi sikuuliza kwa sababu sikuandikiwa, na aliyelipa gharama ya ujinga wangu ni mtoto aliyekuja kunisomea insha.