Silikoni: Urembo wa Mama, Dawa ya Funza wa Mtoto



Mama mmoja wa hapa Bomani alituletea chupa ya losheni, akatuuliza: "Nesi, hili neno dimethicone lililoandikwa hapa ni sumu?"

Hapana, mama, si sumu. Ni aina ya silikoni, mafuta yatengenezwayo kiwandani. Hutanda juu ya ngozi, huzuia unyevu usipotee, na ngozi huwa laini. Lakini haiponyi makunyanzi. Anayekuuzia krimu ya bei kubwa kwa ahadi hiyo anakuuzia maneno.

Mafuta hayo hayo yana kazi nyingine tunayoiona kuwa kubwa kuliko urembo, nayo ni kuua funza. Funza jike akishajichimbia katika kidole huacha sehemu ya nyuma ikichungulia nje, na hapo ndipo anapopumulia na kutagia mayai. Silikoni nyepesi hupenya katika tundu hilo na kuliziba, naye hufa bila mtoto kuchomwa. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto wa Kenya. Mguu mmoja ulipakwa silikoni, wa pili ukalowekwa katika maji ya pamanganeti. Baada ya siku 7, zaidi ya robo tatu ya funza waliopakwa silikoni walikuwa wamekufa. Kwa pamanganeti hawakufika nusu.

Msikimbilie losheni ya dukani kumpaka mtoto. Losheni ina silikoni kidogo iliyochanganywa na vitu vingine, wala haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Maoni yetu ni haya: silikoni ya urembo imefika hadi kwenye vibanda vya sokoni, basi na ile ya kutibu funza istahili kufika katika kila zahanati. Tuliulizie jambo hili katika mikutano ya kijiji na katika jumuiya zetu.

Wakati tukingoja, tuache kuchokoa watoto watano kwa pini moja. Pini hiyo huweza kuleta pepopunda, homa ya ini, hata virusi vya UKIMWI. Mleteni mtoto kituoni na kadi yake ya chanjo. Aoshwe miguu kwa sabuni kila jioni, avae viatu, na sakafu ya udongo inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa.

Tena asichekwe. Mtoto mwenye funza hana kosa lolote.