Shaha Hahukumiwi na Karani

Umezuka mtindo, miongoni mwa wapenzi wa sataranji, wa kuwasuta wafu. Mtu huchukua mchezo mashuhuri, huutia katika kompyuta, huiona tarakimu ikishuka, kisha hutangaza kwamba bingwa fulani alikosea. Huo ndio uchambuzi wake, mwanzo na mwisho.

Anayesutwa sana ni Adolf Anderssen. Tarehe 21 Juni 1851, mjini London, Mjerumani huyo alicheza na Lionel Kieseritzky mchezo wa kirafiki uliokuja kuitwa "Mchezo Usiokufa". Alitoa askofu, ngome zote mbili, na hatimaye malkia. Mwenzake alipoteza askari watatu tu. Hata hivyo, katika hatua ya 23 mfalme mweusi hakuwa na pa kukimbilia, na waliomfunga ni farasi wawili na askofu mmoja.

Mashine husema kuwa hatua ya 18, ya kumpeleka askofu mbele na kuziacha ngome ziliwe, haikuwa bora. Ni kweli, lakini kweli hiyo si ngeni. Mwaka 1879 Wilhelm Steinitz alikwisha kuonyesha utetezi bora wa upande mweusi: malkia aile kwanza ngome ya kona, badala ya askofu kuila ile nyingine. Steinitz hakuwa na mashine. Alikuwa na ubao, macho na subira. Alipotaja kosa, alijua limekaa wapi na limezaliwa na nini.

Anayenakili tarakimu hajui. Na aulizwe juu ya hatua ya 19: ngome moja imekwisha liwa, ya pili imo hatarini, naye Anderssen anasogeza askari nyumba moja tu. Kwa nini? Kwa sababu malkia mweusi, ingawa yu mbali, alikuwa akimlinda mfalme wake kwa mshazari mrefu wa ubao, na askari yule akaukata. Malkia akala ngome ya pili, akashiba, asiweze tena kuwaokoa wa nyumbani. Uzuri wa mchezo umo humo, wala tarakimu haiuelezi.

Washairi wanaujua ugonjwa huu. Yupo mhakiki ambaye akipewa shairi huhesabu mizani, na akikuta mshororo umepungukiwa na moja hulitupa lote. Mizani ni sheria, na dosari ni dosari. Lakini aliyehesabu hajasoma bado.

Mchambuzi asiye bingwa hana haja ya kuuonea haya uanafunzi wake. Atandike ubao, aifunike mashine, akisie, akosee, arudie, ndipo aifunue. Hapo atakuwa na haki ya kusema.

Kiswahili kimewapa mfalme wa sataranji na mkuu wa malenga jina moja: shaha. Kumkosoa shaha ni halali kwa aliyekaa naye ubaoni. Aliyesimama mlangoni akisoma hesabu ni karani tu.