Kisu cha mgeni kule Bungoma

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani tuna mazoea ya kudhani kwamba adabu ya kumpokea mgeni ilizaliwa huku kwetu, kisha ikapanda gari la moshi kwenda bara pamoja na chumvi na papa mkavu. Twasema mgeni njoo mwenyeji apone, na twajisifu kwa kahawa yetu na halua yetu. Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo hadi siku nilipohudhuria mazishi upande wa Kimilili, katika nchi ya Bungoma.

Nilikuwa Kitale kwa shughuli ya kununua mahindi. Mwenye nyumba niliyopanga chumba, Mbukusu na Mkristo wa kanisa la Marafiki, wale ambao wengine huwaita Wakweka, alifiwa na mama yake. Kukaa na mtu ua mmoja kisha usimzikie mamake si uungwana, basi nikafuatana nao. Tulipofika tuliukuta umati mkubwa uani, nyimbo zinaimbwa, na chini ya mti amefungwa fahali wa kuwalisha waombolezaji. Vijana walikuwa wamekwisha kunoa visu. Ndipo mzee mmoja, ndugu wa marehemu, akauliza: "Huyu mgeni aliyetoka Kitale si Mwislamu?" Nikajibu naam. Akawageukia vijana, akawaambia waweke visu chini.

"Sheikh," akaniambia, "wewe wajua kuchinja?"

Nilikiri kwamba kuku nimewachinja wengi, lakini fahali wa kiasi kile sijapata kumtia kisu, nami nachelea kumtesa mnyama. Mzee hakukasirika. Alimtuma kijana kwa baiskeli aende sokoni akamlete Mwislamu mmoja anayechinja huko. Tulingoja zaidi ya saa nzima. Watu walikuwa wamekesha, na watoto walikuwa wakilia njaa. Nikaona haya, nikamwambia mzee wachinje tu, mimi nitakula ugali na mboga. Kijana mmoja aliliunga mkono neno langu. Alisema waziwazi: mtu mmoja atuweke sote na njaa?

Mzee akamjibu: "Ng'ombe hachinjwi mara mbili. Tukikosea sasa hatuna pa kurekebishia. Na huyu akila kwa kuona haya tu, dhambi hiyo itakuwa yake au yangu?"

Swali hilo sijalisahau mpaka leo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Yafaa ieleweke kwamba mzee yule hakuwa amebuni jambo geni. Katika sehemu nyingi za Kenya na Tanzania, Wakristo wenye harusi au matanga humwita Mwislamu achinje, ili kila aliyealikwa ale bila wasiwasi. Twalizoea hata hatulioni tena. Lakini tuitazame nchi yenyewe. Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902, Wamarekani watatu, na mbegu waliyoipanda imeota hata leo hakuna nchi duniani yenye Marafiki wengi kushinda Kenya. Wakatoliki nao wana misheni zao, na makanisa mengine yamejaa tele. Waislamu ni wachache, aghalabu wa mijini na masokoni, na wengi zaidi utawakuta kule Mumias, ambako dini yetu iliingia na wafanyabiashara wa pwani zama za Nabongo Mumia. Basi mzee yule angechinja mwenyewe nani angemuuliza? Watu mia wangekula, na mgeni mmoja angekaa na ugali wake. Hakuna sheria ya serikali wala hofu ya mtu iliyomlazimisha.

Kilichomlazimisha ni dini yake. Nilimuuliza baadaye, tukinywa chai, akanieleza habari za Paulo na barua yake kwa watu wa Korintho. Katika mji ule nyama nyingi ilitoka kwenye mahekalu ya masanamu, na Wakristo wakagombana: wengine walikula bila kujali, wengine nyoyo zao ziliwasuta. Paulo aliona kwamba chakula chenyewe si kitu cha kumkurubisha mtu kwa Mungu. Hata hivyo alishikilia kwamba ikiwa kula kwake kutamwangusha mwenziwe, basi ni heri aiache nyama. Na katika barua hiyo hiyo amesema kwamba kuwahukumu walio nje ya kanisa si kazi yake, ni kazi ya Mungu. Wakristo wana neno kwa jambo hili, nalo ni kumkwaza mtu, yaani kumwekea njiani kitu atakachojikwaa nacho.

Msomaji mwenye elimu atanikumbusha kwamba katika Sura ya Al-Maida tumehalalishiwa chakula cha Watu wa Kitabu. Ni kweli, na pia ni kweli kwamba wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata hapa pwani, wameweka masharti juu ya nani anayeingia katika hao Watu wa Kitabu, ndiyo maana wengi wetu hatuli nyama iliyochinjwa na Mkristo. Hitilafu hiyo tuwaachie mashehe. Mzee wa Kimilili haijui, wala hakuhitaji kuijua. Yeye alijua jambo moja tu: mgeni wake ana mpaka, na mwenyeji hana ruhusa ya kuufuta mpaka huo kwa sababu yeye mwenyewe hauoni.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Wengi wetu tukisema tunavumiliana, maana yetu ni kwamba tumenyamaza: wewe na kanisa lako, mimi na msikiti wangu, tusibughudhiane. Hilo ni jema, lakini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba mkono wangu hausababishi mwenzangu akosee mbele ya Mola wake.

Sitaki mtu adhani kwamba nchi ile yote ni asali. Huko huko Kimilili alizaliwa Elijah Masinde, na huenda wazee wa Lamu wakalikumbuka jina hilo. Masinde alilelewa katika kanisa la Marafiki na alikuwa mchezaji hodari wa mpira. Alipooa mke wa pili, kanisa likamtenga. Kwa misheni za zama zile ukewenza ulikuwa dhambi isiyozungumzika, na mila za Wabukusu, matambiko yao na heshima yao kwa Mlima Elgon, zilihesabiwa kuwa giza tupu. Katika miaka ya 1940 Masinde akaanzisha Dini ya Msambwa, iliyorudi kwa Mungu wa mababu na kuwataka wazungu waondoke. Hakuwa mtu wa maneno laini, na baadhi ya wafuasi wake walichoma majengo. Mwezi Februari 1948 polisi walimimina risasi katika umati kule Malakisi na kuua watu 11 kwa hesabu ya serikali. Dini yake ikapigwa marufuku, naye mwenyewe akahamishwa mpaka Lamu, mtu wa mlimani akatupwa kisiwani. Serikali huru iliifungulia dini hiyo mwaka 1964, kisha ikaipiga marufuku tena mwaka 1968. Masinde alifariki mwaka 1987.

Sisemi kwamba kanisa ndilo lililofyatua risasi. Nasema kwamba mtu akidharauliwa mila zake na akafungiwa mlango, mlango utakaofuata ataupiga teke. Na wale waliomfungia hawawezi kunawa mikono wakasema ghadhabu yake haiwahusu. Mzee wa kisu ni wa nchi hiyo hiyo na kanisa hilo hilo. Nadhani watu wa kwao walijifunza kwa uchungu.

Na kisu hicho hicho kinaweza kugeuka. Mwezi Februari 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, Tanzania, ulizuka ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa, Waislamu peke yao au Wakristo pia. Ugomvi huo ulifika mapanga, na mchungaji mmoja akauawa. Yale yaliyokuwa hisani ya jirani kwa jirani yalidaiwa kama haki na kukataliwa kama utumwa. Hapo nasi Waislamu tujiulize. Anayekupa kisu anakukirimu. Siku utakapomnyang'anya ukisema ni chako tangu asili, umeuua ukarimu wake kabla hujamchinja ng'ombe.

Sasa nirudi nyumbani, maana rahisi ni kusifu watu wa mbali. Sisi wa pwani twamlipa nini mtu wa Bungoma anapokuja kwetu kutafuta riziki? Watoto wetu wamemsikia mzazi akimwita jirani kafiri, nao wanalitupa neno hilo barabarani kumtupia mtoto mwenzao. Wahubiri wetu, na wao pia, wamesimamisha vipaza sauti viwanjani, huyu akikejeli kitabu cha yule. Nasi tuna aya katika Sura ya Al-An'am inayotukataza kuwatukana wale wanaoombwa badala ya Mwenyezi Mungu, kwa sababu wenyewe watageuka wamtukane Mwenyezi Mungu pasipo kujua. Tazama aya hiyo inavyokwenda sambamba na swali la mzee wa Kimilili. Mwenye kutukana Mungu ni yule, lakini aliyemfikisha hapo ni wewe.

Na liko jambo zito zaidi. Wamo kati yetu watu ambao hawajaonja pombe tangu kuzaliwa, wanaswali safu ya mbele, na nyumba zao wamezikodisha zikawa baa. Ukimuuliza mwenye nyumba husema: mimi sinywi, wanaokunywa ni wabara. Kijana wa Kibukusu aliyetoka katika kanisa la Marafiki, ambalo nalo limewakataza waumini wake ulevi na busaa, akifika pwani hukuta kilabu mlangoni pake, na kodi ya kilabu hicho huingia mfuko wa Mwislamu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hakumlaani mnywaji peke yake, bali pia anayeiuza, anayeibeba na anayekula thamani yake. Baba yake kule Kimilili aliwaweka watu na njaa ili mimi nisile nyama ya shaka. Mimi nimempokea mwanawe kwa chupa. Je, huo ndio ustaarabu tunaojisifia?

Simaanishi kwamba hatuna mema. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, wauaji waliposimamisha basi lililokuwa likienda Mandera na kutaka Wakristo watengwe, abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki mwezi uliofuata. Kitendo chake hakikuhitaji mhadhara wala kipaza sauti, na Wakenya wa dini zote walimlilia. Lakini si kila mtu ataletewa siku ya namna hiyo. Wengi wetu tutapimwa kwa mambo madogo: kodi ya nyumba, neno la barabarani, sahani ya mgeni.

Watakuwako watakaosema kwamba mawazo haya yanachanganya dini na kuifanya imani kuwa mchuzi wa kila kiungo. Sivyo hata kidogo. Mzee yule hakusilimu, wala hakuniomba nibatizwe. Alipomzika dada yake aliomba kwa jina la Yesu, nami nilisimama kando nikimwombea Mola wangu ampe subira. Kila mmoja alijua alipo. Asiye na mpaka wake hawezi kuuheshimu wa mwenziwe.

Mchinjaji alifika hatimaye, baiskeli imejaa vumbi, akapiga bismillahi na takbiri, fahali akaanguka. Yule kijana aliyenung'unika ndiye aliyeniletea sahani ya kwanza. "Kula, sheikh," alisema, "tumekungojea." Nilikula, na kila tonge lilikuwa tamu, na kila tonge lilikuwa deni.

Basi, ndugu yangu wa Mombasa, wa Malindi na wa Lamu, mtu wa Bungoma akipanga chumba kwako, deni hilo ni letu sote. Usimngoje mpaka afiwe ndipo umlipe.