Simulizi za mauaji: na mtoto wa chumba cha pili anasikiliza

Saa tatu usiku mama anakunja nguo, simu iko mezani inasimulia kisa cha mauaji. Mtoto wa miaka sita anadhaniwa amelala. Asubuhi godoro limelowa, na kwenda chooni peke yake hataki.

Kupenda habari hizi si ugonjwa, wala hakukuanza na simu. Uingereza, hadi 1868, wahalifu walinyongwa hadharani, na karatasi zenye visa vyao ziliuzwa kwenye umati. Huku Kilimanjaro, Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine, Old Moshi, mbele ya watu. Kwa watu wake Meli hakuwa mhalifu, lakini tukio lile linasimuliwa mpaka leo.

Mwaka 1960 ikatoka riwaya ya Mohamed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, na wasomaji wakaanza kumsaka muuaji pamoja na Bwana Msa. Kesi ya mauaji ya Erasto Msuya, mfanyabiashara wa tanzanite aliyepigwa risasi wilayani Hai Agosti 2013, nayo ilifuatiliwa hadi hukumu ya Mahakama Kuu Moshi, Julai 2018.

Mtu husikiliza ili ajue hatari inavyokuja na jinsi ya kuikwepa. Ndiyo maana bibi wa Uchaggani waliwasimulia wajukuu habari za zimwi Irimu. Tofauti ni kwamba bibi alimwona mtoto usoni; akitetemeka, hadithi ilifupishwa. Simu haimwoni anayeisikiliza.

Mzazi afanye nini?

• Sikiliza kwa spika za masikioni, au subiri watoto walale kweli.

• Usiruhusu visa hivi saa moja kabla ya mtoto kulala.

• Angalia dalili: ndoto mbaya, kukojoa kitandani baada ya kuacha, kuumwa tumbo mara kwa mara, kung'ang'ania mzazi. Zikidumu wiki kadhaa, mpeleke kituo cha afya.

• Usimchape kwa kulowesha godoro. Hofu haiponi kwa fimbo.

Akiuliza, "Yule muuaji atakuja kwetu?" usimcheke. Muulize kwanza amesikia nini, kisha mweleze kwa ufupi na kwa ukweli nani anamlinda. Wakati mwingine swali la muuaji wa kwenye simu linabeba hofu ya mtu aliye karibu zaidi. Mpe nafasi alimalize.